Goti la Fundi

Sahani ilinuka dawa ya kung'arisha nguo. Niliinua kifuniko nusu, nikaisogeza puani, jambo tusilotakiwa kulifanya na ambalo wote tunalifanya, nikanusa tena. Dawa ya nguo, hakuna ubishi. Nikaangalia meza, nikaangalia ndoo ya kupigia deki pale mlangoni, nikauliza kwa sauti, "Nani tena amemwaga maji yake humu?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa peke yangu maabara. Na sahani niliyoishika ilikuwa na majimaji yaliyovutwa kutoka kwenye goti la baba yangu.

Kwa asiyeijua kazi yetu, ni hivi. Daktari anachoma sindano kwenye goti lililovimba, anavuta usaha, anauleta kwetu. Sisi tunaupaka kwenye sahani ndogo yenye chakula kilichochanganywa na damu, tunaiweka kwenye kabati la joto, tunangoja. Kama kuna bakteria, wanaota, na kila aina inaacha doa la namna yake. Sasa, goti ni chumba kisicho na mlango. Ukikuta kitu kimeota, unatarajia aina moja. Ukikuta mbili, unakunja uso. Ukikuta tatu, unasema kuna mtu amezembea: ngozi haikufutwa vizuri, au chupa ilikaa wazi, au muuguzi alikuwa anapiga soga. Kwa hali hiyo tulikuwa na neno moja la kazi, na tuliliandika kwenye fomu bila kusita. Uchafu.

Sahani ya baba ilikuwa na aina tatu. Kulikuwa na madoa makubwa ya rangi ya dhahabu, ambayo bakteria wake wanaishi juu ya ngozi za watu wengi. Kulikuwa na madoa madogo ya kijivu, yaliyokula damu pembeni yake. Na siku ya pili, nikiwa nimeshakata shauri, vikatokea vidoa vidogo kama ncha ya sindano, vilivyochimba vishimo kwenye chakula. Hivyo ndivyo vilivyonuka. Sikuvijua. Nilivitazama dakika moja, pengine mbili, kisha nikachukua kalamu.

Namba ya ile fomu niliijua kuwa ni ya baba, sitajificha nyuma ya namba. Kanuni ilisema sampuli haina jina wala ukoo, na mimi nilikuwa mtu wa kanuni. Madaktari walinibandika jina la Mkali, nami nikalipenda. Lakini si kanuni tu iliyoandika siku ile. Niliogopa. Aina tatu za bakteria ndani ya goti la mzee wa miaka sitini na tatu ni habari inayoua, wakati uchafu ni kosa la mtu mwingine, unarudia kesho na mambo yanaisha. Nilitaka uwe uchafu. Nikaandika, *Uchafu. Leteni sampuli nyingine*, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Imepita miaka kumi na saba na bado nakumbuka kwamba chai ile niliifurahia.

*

Baba alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, mbele ya nyumba yetu, na ukiingia hukujua ukanyage wapi: springi huku, sponji kule, miguu ya viti imelala chali. Lakini yeye mwenyewe alikuwa msafi kupita kiasi. Alivaa koti jeupe la kazi, jeupe kweli, akilifua kwa mkono wake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na kola. Mama alikuwa akimtania kwamba angezaliwa mwanamke, wakwe wangepigana.

Kabla sijaanza shule, alinifundisha kuandika kwa chaki ya fundi juu ya vipande vya kitambaa vilivyobaki. Herufi zake zilikuwa za kifundi, hazikuwa za mwalimu. F yake ilishuka chini ya mstari, ikapinda kama shazia, ile sindano ndefu ya chuma anayoshonea makochi. Mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa kwa ajili ya f hiyo. Sikuiacha.

Na alikuwa akiongea kwa meno yaliyoumana. Mpaka nina miaka sita nilidhani akina baba wote wanaongea hivyo. Kushona kochi kunataka mikono miwili na goti: goti linakandamiza sponji lisiinuke, mkono mmoja unakaza uzi, mwingine unafunga fundo. Shazia haina pa kukaa, basi inakaa kwenye meno. Alikuwa akiniamrisha nikamletee kamba huku chuma kimechomoza pembeni mwa mdomo, na mimi nilielewa kila neno.

Nasema haya yote ili mjue nilichokuwa nacho kichwani siku ile nilipokinusa kile kisahani. Nilikuwa nacho chote.

*

Siku shazia ilipomchoma, alikuwa akimalizia kochi la watu watatu. Aliitoa shazia mdomoni, akaichomeka kwenye sponji mara moja tu ageuke kuchukua mkasi, kisha akapiga goti pale pale. Ikaingia. Aliivuta, akaipangusa kwenye suruali, akamaliza mto. Hakumwambia mtu mpaka alipoulizwa hospitali. Fundi akichomwa na sindano yake mwenyewe hatangazi.

Siku ya tatu mama alinipigia simu. "Njoo umwone baba yako. Goti limekuwa kama tikiti, na yeye ananiambia nisipige kelele."

Tulimpeleka hospitali ile ile ninakofanya kazi. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mpole, mwenye mazoea ya kujikuna nyusi akiwa na wasiwasi. Alivuta usaha, akaanzisha dawa ya wale wa rangi ya dhahabu, kwa kuwa hao ndio wanaokutwa kwenye magoti ya watu mara nyingi. Baba alikuwa bado na utani. "Huyu binti yangu," alimwambia daktari, "nimemsomesha miaka yote ile, kazi yake sahani."

Kisha fomu yangu ikapanda wodini.

Sikuwepo daktari alipoisoma. Nilifika jioni baada ya kazi, nikamkuta mama amekaa pembeni mwa kitanda na uso ambao sikuuelewa. Kitanda kilikuwa kitupu, na kutoka bafuni nilisikia maji.

"Anaoga," mama alisema. "Na mguu huo. Ni mara ya pili tangu mchana. Amejisugua mpaka ngozi imekuwa nyekundu."

"Kwa nini?"

"Daktari amesema kipimo kimeonyesha uchafu. Atampima tena." Aliteremsha sauti. "Mwanangu, ungeona alivyonyamaza."

Nilipaswa kumweleza palepale. Uchafu ni wa sampuli, mama, hauna uhusiano na mtu, ni neno letu la maabara. Ningesema hivyo, na ningeongeza kwamba ni mimi niliyeliandika. Hiyo sehemu ya pili ndiyo niliyoiogopa. Baba alitoka bafuni akijishikilia ukutani, taulo begani, nywele zimechanwa kwa mstari, akatabasamu kwa heshima kama mgeni aliyekaribishwa mahali asipopazoea.

Daktari alirudi na sindano yake. Alikuwa amejikuna nyusi tayari. "Mzee, nikuulize. Hiyo shazia iliyokuchoma, ilikuwa safi?"

Baba aliangalia mikono yake. Kucha zilikuwa zimekatwa na kusuguliwa. "Safi kabisa, daktari. Sindano zangu naziweka kwenye kopo la mafuta."

Hakukuwa na kopo la mafuta. Baba yangu, ambaye hakuwahi kunidanganya hata kuhusu kifo cha paka wangu, alidanganya mbele yangu kwa sauti ya upole, kwa sababu alishaambiwa ni mchafu na hakuweza kusema kwamba inakaa mdomoni. Na mimi? Daktari alinigeukia. "Eti dada?"

"Baba yangu ni msafi sana, daktari," nikasema. "Muulize mtu yeyote."

Sikudanganya. Nalirudia hilo mara nyingi kwa nafsi yangu, na halinisaidii. Kitu ulichokiona kila siku tangu utotoni hukioni tena. Sikuiona shazia mdomoni mwake kama ambavyo sikuwahi kuiona pua yake.

*

Sampuli ya pili haikuotesha kitu. Ile dawa ilikuwa imeshawanyamazisha wale wa dhahabu, na wa kijivu nao. Wale wa vishimo huchelewa. Wanataka siku mbili, hata tatu. Mimi, ambaye nimewahi kumfukuza daktari bingwa mlangoni kwa kudai majibu kabla ya wakati, nilitoa majibu ya baba baada ya siku moja. *Safi*, niliandika. Nikapanda ngazi mwenyewe kwenda kumwambia.

"Safi?" aliuliza.

"Safi, baba."

Alifumba macho. "Basi," akasema. Mama alicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Hata mimi nilijisikia mwepesi, nikasahau kwamba goti halikuwa limepungua hata kidogo.

Siku ya Jumamosi asubuhi muuguzi alikuja kuniita. Homa ilikuwa imepanda vibaya. Wekundu ulikuwa umetoka gotini na kushika paja, na harufu kwenye bandeji ilinifanya nisimame mlangoni. Baba hakunitambua. Alikuwa anashona.

Alikuwa amelala chali, mikono yake juu ya shuka, na alikuwa anashona kochi ambalo yeye tu ndiye aliyeliona. Vidole vilipenyeza uzi, vikavuta, vikakaza. Mama alijaribu kuishika mikono ile, akaiachia. Kisha ikafika wakati wa kufunga fundo, linalotaka mikono miwili, na baba yangu akainua ile sindano isiyokuwepo, akaibana kwenye meno, akaendelea.

Nilisikia sauti ikinitoka, sijui nilisema nini. Mama anasema niliita, "Mdomoni." Nilishuka zile ngazi bila kuziona.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kuchoma taka. Sahani za wiki zilishafungwa kwenye mfuko na mfuko umeshafika kando ya tanuri, na mtu wa usafi alikuwa amekwenda kutafuta kiberiti. Niliupasua kwa mikono. Nilipiga magoti sakafuni nikasoma namba moja baada ya nyingine, na glavu sikukumbuka. Nilipoipata sikuhitaji kusoma. Harufu ilinitangulia. Dawa ya kung'arisha nguo, ile ile, na hapakuwa na ndoo karibu.

Kwenye rafu yetu kuna kitabu kikubwa cha bakteria ambacho nilikuwa nikiwatisha nacho wanafunzi wa mazoezi. Kwenye ukurasa ulioniangamiza kulikuwa na maneno machache tu. Anaishi kinywani. Anachimba chakula chake. Ananuka dawa ya kung'arisha nguo. Dawa aliyokuwa akipewa baba haimgusi, na anayemwua ni dawa ya zamani kabisa, ile iliyojaa kwenye kabati la kila wodi, ambayo wauguzi huwachoma hata watoto wenye vidonda vya koo.

Haikuwa uchafu. Ilikuwa ngozi ya baba na mate ya baba, na shazia imewapeleka wote pamoja ndani ya goti lisilo na mlango. Kama nimewahi kusoma maisha ya mtu kwenye sahani, ilikuwa ile. Nami niliandika vile.

Nilimkuta daktari kwenye korido. "Badilisha dawa sasa hivi," nikamwambia. "Bakteria walikuwa aina tatu kweli. Wengine walitoka mdomoni, anashikilia sindano kwa meno. Nilikosea. Ni mimi niliyekosea."

Alijikuna nyusi, akanitazama kwa huruma ambayo ningependa angeniachia. "Dada, nabadilisha. Lakini nimetoka kumwona sasa hivi. Goti limeshakwisha."

Walimfungua mchana ule. Walisafisha na kusafisha. Siku ya pili walimfungua tena, na daktari alipotoka alikuja kutafuta mtu wa kutia sahihi. Mama alishika kalamu, akaishika muda mrefu. Hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Mguu au yeye?"

"Mguu, mama. Tukichelewa, yeye."

Akatia sahihi polepole, herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Nilitaka mtu anipige. Nilitaka mama anigeukie aseme, si wewe unayefanya kazi hapa? Alikuja akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono mgongoni, akasema nimejitahidi sana.

*

Baba alipona. Watu walisema ni bahati, na ni kweli, kwani wengi hawaponi. Alikaa miezi minane akitazama mlango wa bati wa karakana kutoka dirishani, na magongo yake mawili yameegemea kiti. Hakulalamika. Aliendelea kufua koti jeupe kila wiki ingawa hakulivaa. Mimi nilimfuata mkuu wangu, nikamwambia lile neno tulifute kwenye fomu zetu, tuwe tunaandika tulichokiona: aina ngapi, zipi, na mgonjwa aulizwe kazi yake. Aliona nina uchungu, akakubali. Leo wanaoanza kazi pale hawajui kwamba neno lile liliwahi kuwepo.

Hayo yote nilimwambia kila mtu. Baba sikumwambia.

Mwezi wa tisa aliletewa kiti kikubwa cha mikono, akakipokea bila kumwuliza mtu. Jumapili nilimkuta karakana amekalia stuli, koti amevaa, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kushikizwa vizuri kwa pini. Kitambaa kilishakatwa. Sponji limeshawekwa. Alikuwa anakitazama tu kile kiti.

"Kinataka goti," alisema.

Nilivua viatu. Nilikuwa nimemletea kopo la spiriti na kifuniko chake, kwa ajili ya sindano. Nikalifungua, nikaliweka mezani mahali asipoweza kukosa kuliona, nikapiga goti juu ya sponji. Likanisukuma juu. Nikaegemeza uzito wote, na mikono nikaibana pembeni kushikilia kitambaa.

"Hapo," alisema. Akaanza.

Tulishona upande mmoja mpaka ukaisha. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, na niliona jinsi alivyokonda shingo. Sijui nilichokuwa nangoja. Labda nilingoja asinitazame.

"Baba. Ile fomu ya kwanza. Iliyoandikwa uchafu."

"Kaza goti, linainuka."

Nikakaza. "Niliiandika mimi."

Alivuta uzi mpaka mwisho, akaujaribu kwa kidole kama umekaza. "Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Daktari aliiacha juu ya kitanda. Nikaiona f." Alicheka kidogo, kwa pua. "Nani mwingine duniani anaandika f ya fundi makochi?" Halafu hakucheka tena. Alishona tundu moja, akashona la pili. "Angekuwa mtu mwingine ningebishana naye. Ningemwambia, mchafu wewe. Lakini nikasema, huyu mwanangu ananijua. Akisema, basi ipo."

"Ndiyo maana ukaoga mara mbili."

"Tatu," alisema. "Moja mama yako hakuiona."

Nililia hapo, juu ya kile kiti, na sikuweza kufuta machozi kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa na kazi. Yalidondoka kwenye kitambaa cha mteja. Baba aliyafuta na kona ya koti lake jeupe, kitambaa kwanza kisha uso wangu, akaniambia nisisogee, bado fundo. Akanipa shazia niishike wakati anafunga. Alifunga polepole, vidole vyake vilikuwa vimepoteza mazoea. Akakata uzi, akatia mwingine mate, akanyoosha kiganja upande wangu bila kugeuka, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na miaka mitano.

"Shazia."

Kopo la spiriti lilikuwa pale mezani, wazi, na halikuwa na sindano ndani. Nikataka kumjibu, nikashindwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimeibana kwenye meno.